Upasuaji wa Kupunguza Uzito: Maandalizi Huanza Ekalakala, Si Nairobi

Mtu anaposikia habari za upasuaji wa kupunguza uzito, swali la kwanza huwa ni bei. La pili huwa ni maumivu. Swali ambalo wachache huuliza, ingawa ndilo kubwa kuliko hayo mawili, ni hili: wiki ya tatu baada ya kutoka hospitalini, mgonjwa akiwa nyumbani kwake Ekalakala, atakula nini, atameza dawa gani, na akishikwa na maumivu usiku ataonwa na nani?

Upasuaji wenyewe huchukua saa chache, nao kwa kawaida hufanyika Nairobi. Kupona huchukua miezi, na utunzaji unaofuata ni wa maisha yote. Hayo hufanyika nyumbani. Somo la toleo hili linaeleza upasuaji huu hufanya nini mwilini, unamfaa nani, na hasa maisha huwaje baadaye kwa mkazi wa Kaunti Ndogo ya Masinga ambaye daktari wake yuko mbali, ng'ambo ya Matuu na Thika.

Uzito umefika vijijini

Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 kuhusu magonjwa yasiyoambukiza ulionyesha kwamba asilimia 27 ya watu wazima nchini walikuwa na uzito uliozidi au unene wa kupindukia. Miongoni mwa wanawake ilikuwa asilimia 38.5, na miongoni mwa wanaume asilimia 17.5. Unene si ugonjwa wa matajiri wa mjini pekee. Siku hizi hata katika eneo la ukame mtu anaweza kukosa maji ya kutosha na bado akapata soda, mandazi na mafuta ya kupikia kila siku.

Kujipima si kazi ngumu. Wahudumu wa afya ya jamii waliopewa mikoba ya vifaa tangu Septemba 2023 hubeba mizani, kipimo cha presha na kipimo cha sukari, na huvitumia nyumba kwa nyumba. Hesabu inayotumika hospitalini, inayojulikana kama BMI, hupatikana kwa kugawa kilo za mtu kwa urefu wake katika mita uliozidishwa kwa urefu huo huo. Tumchukue mama wa mfano, mkulima wa ndengu wa miaka 42, mwenye kilo 105 na urefu wa mita 1.60. Mita 1.60 mara 1.60 ni 2.56. Kilo 105 ukigawa kwa 2.56 unapata 41. BMI ya kawaida ni kati ya 18.5 na 24.9. Kuanzia 25 ni uzito uliozidi, na kuanzia 30 ni unene wa kupindukia. Mama huyu pia ana kisukari na presha, na magoti yanamuuma kila anapopanda kutoka shambani. Tutakuwa naye katika somo hili lote.

Mwongozo uliotolewa Marekani mwaka 1991, na kufuatwa kwa miaka mingi katika nchi nyingi, ulisema upasuaji ufikiriwe kwa mtu mwenye BMI ya 40 au zaidi, au 35 akiwa na ugonjwa mwingine unaoletwa na uzito. Mwaka 2022 vyama vya kimataifa vya madaktari wa upasuaji huu viliteremsha vigezo: 35 hata bila ugonjwa mwingine, na kuanzia 30 kwa mwenye kisukari. Mama wetu wa mfano anaingia katika vigezo vyote viwili. Lakini kuingia katika vigezo ni mwanzo wa mazungumzo na daktari tu. Mtu aliyeongeza kilo kumi baada ya kujifungua hahitaji upasuaji huu, na daktari anayemkubalia haraka anapaswa kutiliwa shaka.

Ni vyema pia kutofautisha mambo yanayochanganywa. Kunyonya mafuta chini ya ngozi ni upasuaji wa umbo; hautibu kisukari wala presha. Puto linalowekwa tumboni kwa miezi kadhaa kisha likatolewa, kama linavyowekwa katika Hospitali ya Taifa Muhimbili, Mloganzila, nchini Tanzania, si upasuaji, na matokeo yake kwa kawaida ni madogo zaidi. Kuna upasuaji wa kukata sehemu kubwa ya tumbo na kuacha mfano wa mrija. Siku hizi kuna pia sindano za kupunguza hamu ya chakula, ambazo faida yake hupungua mtu akiziacha. Somo hili linahusu upasuaji unaoitwa gastriki baipasi.

Baipasi ya tumbo

Wakazi wanaosafiri kwenda uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta kupitia Thika wanaijua Baipasi ya Mashariki. Gari huiacha barabara kuu pale Ruiru na kuuzunguka mji mpaka upande wa pili bila kupita katikati. Upasuaji huu hufanya vivyo hivyo kwa chakula. Daktari hutenga sehemu ndogo sana ya juu ya tumbo, inayobeba takriban mililita 30, yaani vijiko viwili vya mezani. Kisha huukata utumbo mwembamba na kuuvuta upande wa chini uunganishwe na kifuko hicho. Tumbo lililobaki halitolewi. Hubaki mahali pake na kuendelea kutoa majimaji yake, ambayo huungana na chakula mbele zaidi. Ukiichora njia hiyo, inafanana na herufi Y.

Mbinu hii ina umri mrefu kuliko wengi wanavyodhani. Maungo ya umbo la Y yanabeba jina la César Roux, daktari wa Uswisi wa karne ya 19. Katika miaka ya 1960 Edward Mason wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, aliona kwamba wanawake waliokatwa sehemu ya tumbo kwa sababu ya vidonda walikonda na kubaki wembamba, naye akaanza kuitumia hali hiyo kama tiba ya unene. Tangu miaka ya 1990 upasuaji huu umekuwa ukifanywa kwa matundu madogo na kamera, bila kupasua tumbo kwa kovu refu.

Mtu hupungua kwa sababu kifuko ni kidogo, lakini pia kwa sababu utumbo unaokutana na chakula mapema hutoa homoni zinazoupa ubongo habari ya kushiba na kuisaidia insulini kufanya kazi. Ndiyo maana sukari ya mgonjwa wa kisukari mara nyingi hushuka siku chache baada ya upasuaji, kabla hata uzito haujapungua sana. Kwa kawaida mtu hupoteza kati ya robo na karibu thuluthi ya uzito wake katika mwaka mmoja hadi miwili. Mama wetu wa kilo 105 anaweza kutarajia kufika kati ya kilo 73 na 79. Hatakuwa na kilo 55, na ni vizuri aambiwe hivyo mapema. Utafiti mkubwa wa Uswidi ulioanza mwaka 1987 na kuwafuata watu zaidi ya 4,000 ulionyesha kwamba waliofanyiwa upasuaji wa uzito wa aina mbalimbali walifariki kwa kiwango kidogo kuliko wenzao wasiofanyiwa.

Mfano wa baipasi una upande wake wa pili. Gari lisilopita katikati ya mji halinunui chochote katika maduka ya mjini. Sehemu ya utumbo inayorukwa ndiyo inayofyonza madini mengi ya chuma na kalsiamu, na tumbo lililotengwa ndilo hutayarisha vitamini B12 ili ifyonzwe. Kwa hiyo mtu aliyefanyiwa baipasi anaweza kula vizuri, akawa na sura nzuri, na bado akaishiwa damu na kuharibika mishipa ya fahamu polepole bila kujua. Vidonge vya vitamini kwake si nyongeza. Ni sehemu ya upasuaji, na havikomi.

Kuhusu hatari, katika hospitali zenye uzoefu takriban mtu mmoja hadi watatu kati ya 1,000 hufariki katika mwezi wa kwanza. Wengine hupata kuvuja kwa maungo, damu kuganda miguuni au mapafuni, au kutokwa na damu ndani. Hiyo haizidi hatari ya upasuaji mwingine mkubwa, lakini ipo, na familia inapaswa kuijua kabla ya kuuza ng'ombe.

Kabla ya kupanda gari

Nchini Kenya upasuaji huu hufanywa katika hospitali chache kubwa, nyingi za binafsi, jijini Nairobi, na gharama hufika mamia ya maelfu ya shilingi. Anayetegemea bima, iwe ya binafsi au SHA iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, aombe jibu la maandishi kabla ya kulipa chochote: wanalipa nini, hawalipi nini. Aulize pia kama bei aliyotajiwa inajumuisha kliniki za baadaye, vipimo vya damu na kulazwa tena kukitokea tatizo. Bei ya chini mara nyingi ni bei ya siku ya upasuaji pekee.

Jina la daktari na la hospitali yaangaliwe katika sajili ya KMPDC, baraza linalotoa leseni kwa madaktari na hospitali nchini. Mwaka 2024 nchi ilishtushwa na kifo cha mwanamke aliyefanyiwa upasuaji wa kunyonya mafuta katika kliniki moja ya Nairobi. Kuangalia leseni ni kazi ya dakika tano. Daktari naye aulizwe waziwazi amefanya upasuaji huu mara ngapi, na nani atashika simu usiku.

Hospitali makini haimpasui mtu wiki anayokuja. Humpima moyo, mapafu, sukari na damu. Hutafuta bakteria wa vidonda vya tumbo na kuwatibu kwanza. Humkutanisha mgonjwa na mtaalamu wa lishe, na mara nyingi na mshauri wa afya ya akili, si kwa kudhaniwa ana wazimu, bali kwa sababu anayekula kwa huzuni atabaki na huzuni hiyo hata kifuko kikiwa kidogo. Anayevuta sigara au kunusa ugoro huagizwa kuacha wiki kadhaa kabla, na asirudie, kwa kuwa tumbaku huchangia vidonda katika maungo mapya. Wengi pia huwekwa kwenye mlo mwepesi kwa takriban wiki mbili ili ini lipungue na kumwachia daktari nafasi.

Upande wa nyumbani nao una maandalizi yake. Mgonjwa apite katika kituo cha afya cha Ekalakala, au zahanati anayoitumia siku zote, awaeleze wahudumu anachokwenda kufanya. Wao ndio watakaomwona kwanza akipata tatizo. Akirudi, awaletee barua kutoka kwa daktari wake. Barua hiyo itaje aina ya upasuaji na tarehe, nambari ya simu ya daktari na dawa zote za mgonjwa. Iseme pia mambo matatu ambayo mhudumu asiyewahi kumwona mgonjwa wa baipasi anaweza kukosea: kwamba hapaswi kupewa dawa za maumivu za jamii ya ibuprofeni na diklofenaki, kwamba akiwa ametapika kwa siku kadhaa apewe vitamini B1 kabla ya dripu ya glukosi, na kwamba mpira wa kupitisha puani hadi tumboni usiingizwe kwa kubahatisha. Nakala moja ikae kwenye pochi yake na nyingine kwa mume au mtoto mkubwa.

Wiki sita za kijiko kidogo

Aliyepasuliwa kwa matundu madogo kwa kawaida hukaa hospitalini siku moja hadi tatu, na hutakiwa kutembea siku ile ile ili damu isigande. Akirudi nyumbani, kazi ya kwanza ni kunywa. Masinga ni joto, na kifuko cha mililita 30 hakipokei kikombe kizima. Lengo ni angalau lita moja na nusu kwa siku, kwa mafunda madogo, kuanzia asubuhi mpaka usiku. Chupa iwe mkononi kila aendapo. Wengi wanaorudishwa hospitalini katika wiki za mwanzo hurudishwa kwa kuishiwa maji.

Kwa takriban wiki mbili chakula ni cha majimaji tu: maziwa yasiyo na mafuta mengi, supu iliyochujwa, uji mwepesi sana usio na sukari. Wiki ya tatu na ya nne hukaribishwa vyakula vilivyopondwa hadi laini kama uji wa mtoto. Hapa mkulima wa ndengu ana bahati. Ndengu zilizochemshwa mpaka zikavunjika, zikapondwa na kuchujwa maganda, ni chakula kizuri sana cha wakati huu. Wiki ya tano na ya sita huingia vyakula laini: yai lililochemshwa kidogo, samaki wa ngege aliyetolewa miiba, malenge, parachichi. Baada ya hapo mtu hurudi polepole kwenye chakula cha familia kwa vipande vidogo. Kila hospitali ina ratiba yake, na ratiba ya daktari wako ndiyo ya kufuata, hata ikitofautiana na hii.

Muthokoi na isyo vitasubiri. Mahindi na maharagwe yenye maganda hukwama. Nyama ya mbuzi ngumu hukwama. Ugali na chapati hugeuka donge, na maembe yenye nyuzi pia yana shida yake. Wengine huvirudia baadhi ya vyakula hivi baada ya miezi mitatu au zaidi, wakitafuna kila tonge mara 20 au 30. Wengine ugali hauwapendi tena.

Ugumu mkubwa hapa huwa ni upendo wa majirani. Mama akitoka hospitalini wanawake wa kikundi huja na sufuria, na asiyekula huonekana amewadharau wageni au anazidiwa. "Mwaitu, kula kidogo upate nguvu," humwambia, na kijiko hujazwa. Kijiko kimoja cha ziada kinaweza kumletea kutapika, na kutapika kwa nguvu katika siku za mwanzo kunaumiza maungo. Mtu mmoja wa nyumbani apewe kazi ya kupokea chakula kwa shukrani na kuwaeleza wageni. Mgonjwa asiachiwe vita hivyo peke yake.

Kinachotangulia sahani ni protini, kwa sababu bila hiyo mwili hula misuli yake. Lengo la kawaida ni gramu 60 hadi 80 kwa siku. Mayai mawili yana takriban gramu 12, vikombe viwili vya maziwa 16, gramu 100 za samaki zaidi ya 20, na nusu kikombe cha ndengu takriban 7. Hivyo vyote vinakaribia 60, vikigawanywa katika milo mitano au sita. Miezi ya mwanzo kiasi hicho hakitaingia, kwa hiyo maziwa ya unga huongezwa kwenye maziwa au uji, au daktari huagiza unga wa protini. Omena zilizosagwa pia hufaa baada ya wiki za mwanzo.

Asinywe akila. Asubiri nusu saa baada ya chakula ndipo anywe. Sukari nayo, soda, juisi ya dukani, chai ya vijiko vitatu, hupita haraka kutoka kifuko kidogo hadi utumboni, na katika dakika 10 hadi 30 mtu hutokwa na jasho, moyo humwenda mbio, huhara na kutaka kulala chini. Saa moja hadi tatu baadaye sukari ya damu inaweza kushuka na kumtia kizunguzungu. Si kulogwa wala si sumu. Ni soda.

Kazi nyepesi zinarudi baada ya wiki mbili hadi nne. Mtungi wa maji wa lita 20 una kilo 20, nao usiinuliwe kwa wiki sita hivi. Mgonjwa asiye na mtu wa kumtekea maji, au punda wa kuyabeba, afikirie upya tarehe ya upasuaji. Wakati wa kupanda ndengu si wakati wake.

Dawa, chai na vidonge

Vidonge vya maisha yote kwa kawaida ni multivitamini kamili, chuma, kalsiamu pamoja na vitamini D, na B12 ambayo inaweza kuwa kidonge cha kila siku au sindano ya kila mwezi. Kalsiamu inayopendekezwa baada ya baipasi ni ile ya sitrati, kwa kuwa haihitaji asidi nyingi ya tumbo. Chuma na kalsiamu visimezwe pamoja. Vipishane angalau saa mbili. Na hapa ndipo wengi hukosea bila kujua: chai huzuia chuma kufyonzwa. Anayemeza kidonge cha chuma kwa chai ya saa nne amekipoteza. Akimeze kwa maji, na chai ikae mbali kwa saa moja au mbili.

Dawa za kisukari na presha lazima ziangaliwe upya mara moja. Mama wetu akiendelea na dozi ya zamani ya insulini huku anakula vijiko vichache, sukari yake inaweza kushuka hadi akazimia. Wiki za mwanzo apimwe sukari na presha mara kwa mara, na mhudumu wa afya ya jamii mwenye mkoba wake anaweza kulifanya hilo nyumbani na kupeleka namba kituoni. Anayetumia dawa za kifafa, za HIV au za moyo awaulize madaktari wake kama dozi au aina inahitaji kubadilishwa. Asiache mwenyewe.

Vidonge vya dukani vya kuumwa na kichwa mara nyingi huwa na aspirini ndani. Soma paketi. Aliyefanyiwa baipasi hutumia parasetamoli, kwa kiasi kilichoandikwa. Pombe nayo, iwe ya baa au kaluvu, humpanda kichwani haraka na kwa nguvu kuliko zamani, na baadhi ya watu hujikuta wakinywa zaidi miaka miwili au mitatu baada ya upasuaji kuliko walivyowahi kunywa.

Asisubiri asubuhi

Katika mwezi wa kwanza, mapigo ya moyo yanayozidi 120 kwa dakika hata mtu akiwa amepumzika, homa, maumivu ya tumbo yanayozidi, maumivu ya bega la kushoto au kukosa pumzi vinaweza kumaanisha kwamba maungo yanavuja. Mguu mmoja uliovimba na kuuma, au kifua kinachobana ghafla, huashiria damu iliyoganda. Choo cheusi kama lami ni kutokwa na damu ndani. Kutapika kunakozidi siku moja kunahitaji daktari hata kama hakuna maumivu, kwa sababu mwili huishiwa na vitamini B1 haraka na ubongo huweza kudhurika.

Kuna dalili moja inayosahauliwa kwa kuwa huja miezi au miaka baadaye, mtu ameshakonda na amesahau: maumivu makali ya tumbo yanayokuja na kuondoka, hasa baada ya kula. Utumbo unaweza kupenya katika nafasi iliyoachwa na upasuaji ukanyongwa, aina ya ngiri ya ndani. Hii ni dharura ya upasuaji. Mgonjwa aende hospitali yenye chumba cha upasuaji akiwa na barua yake, na kitu cha kwanza aseme ni, "Nilifanyiwa baipasi ya tumbo." Maumivu ya upande wa kulia chini ya mbavu yanaweza kuwa vijiwe katika kifuko cha nyongo, ambavyo hutokea mara nyingi mtu akipungua haraka.

Familia ipange usafiri wa usiku kabla ya upasuaji: gari la nani, nambari ipi, na pesa za mafuta ziko wapi.

Mimba, nywele na maneno ya watu

Wanawake wengi wenye uzito mkubwa hukawia kushika mimba. Uzito ukishuka, uwezo huo hurudi haraka na kuwashangaza. Hushauriwa kungoja miezi 12 hadi 18, ili mtoto asikue katika mwili unaopungua kilo kila wiki. Vidonge vya kuzuia mimba vinaweza kutofyonzwa vizuri baada ya baipasi, kwa hiyo kipandikizi au koili hufaa zaidi. Mjamzito aliyefanyiwa baipasi amwambie mkunga tangu kliniki ya kwanza: huhitaji vipimo zaidi vya damu, na kile kipimo cha sukari cha kunywa glukosi hakimfai.

Kati ya mwezi wa tatu na wa sita nywele huanguka. Kwa wengi huota tena, mradi protini na chuma vipo. Ngozi hulegea mikononi na tumboni, na hiyo hairudi yenyewe.

Halafu kuna kijiji. Katika jamii ambayo unene umehesabiwa miaka mingi kuwa dalili ya kutunzwa, mwanamke anayepoteza kilo 30 kwa mwaka husemwa. Wengine watasema ana HIV, wengine watasema mumewe hamlishi. Baadhi ya wagonjwa hufichua walichofanya, baadhi hunyamaza, na zote mbili ni haki yao. Lakini aliyenyamaza asiwafiche wahudumu wa afya, na asiache kwenda kliniki kwa kuogopa kuonekana kwenye foleni.

Katika mwaka wa kwanza vipimo vya damu hufanywa kila miezi mitatu hadi sita: wingi wa damu, chuma, B12, vitamini D, kalsiamu, sukari, figo na ini. Baada ya hapo ni mara moja kila mwaka. Si lazima vyote vifanyiwe Nairobi. Mgonjwa amwombe daktari wake aviandike kwenye karatasi moja, aulize hospitali ya karibu ni vipi wanavifanya, na atume matokeo kwa simu. Mama wetu wa mfano, akiwa na kilo 76 na kisukari kilichotulia, bado atakuwa na tarehe hiyo kwenye kalenda yake akiwa na miaka 60.